Nilivyomfuga kamongo ndani ya chumba kimoja Lindi, nikimsubiri Baba

Wakuu, niaje.

Najua salamu hiyo haimfai mwanamke wa umri wangu, lakini wajukuu ndio walionifungulia hii akaunti na ndio walionizoesha.

Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za samaki wawindaji kimya kimya. Mmoja anauliza Oscar wake ale nini. Mwingine analia filter imekufa. Mwingine naye ameandika kwamba kufuga samaki mla nyama ndani ya nyumba ni mambo ya vijana wa siku hizi wenye nafasi.

Huyo wa mwisho ndiye amenifanya nishike simu.

Mimi nilifuga kamongo miaka ya sabini, Nairobi, Kibera, mtaa wa Lindi, kwenye chumba kimoja cha kupanga, bila filter, bila heater, bila kitabu. Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na mume wangu yuko hai wa kunisuta nikitia chumvi. Amekaa hapa pembeni, anasoma kila mstari kwa miwani yangu.

Kwa wasiomjua, kamongo ni samaki mrefu, mnene kama mkono wa mtu wa kazi, wa kuteleza, hana mapezi ya maana ila vinyuzi vinne kama tambi. Ana mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa kama wewe na mimi. Na ana meno, tena si ya mapambo.

Sasa tuanze.

Kwetu ni Bunyala, kule mto Nzoia unakoingia ziwani. Baba alikuwa mvuvi. Zablon, mume wangu, ni mtu wa Maragoli, watu wa vilima, samaki alimjua akiwa tayari amekaushwa.

Zablon aliponichumbia alikuwa amepata kazi ya kukata vioo Nairobi, na mwenye kazi alimtaka haraka. Baba alikuwa kambini visiwani, wavuvi walikuwa wanakaa huko miezi. Mama alikubali. Baba zangu wadogo walikubali. Tukaondoka.

Baba aliporudi hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, nami nikaletewa neno hilo mpaka Lindi.

"Hakunisubiri."

Baada ya hapo jina langu halikutajwa mbele yake. Zablon alipeleka wazee, mambo ya mahari yakaenda vizuri, Baba akawapokea kwa adabu zote. Lakini kutia mguu nyumbani kwangu, hapana. Rose wangu alizaliwa, Baba hakuja. Niliumia sana, wakuu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea kasia, si ndugu zangu.

Siku moja Makokha, kaka yangu, alirudi kutoka nyumbani. Yeye pia alikuwa anakaa Lindi, nyuma ya ploti yetu. Akaingia na gunia lililolowa chapachapa, akaliweka sakafuni, akaomba chai.

"Ni Baba ametuma," akasema. "Ni ya hii nyumba."

Ndani kulikuwa na matope, nyasi mbichi, na kamongo mzima kabisa, ananitazama kwa vijicho vyake vidogo.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Nyumbani kwetu zamani mwanamke hakula kamongo. Ukiuliza sababu unaambiwa wewe ni mwanamke na huyo ni kamongo, maswali yameisha. Na Baba alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Zablon akasema, "Si basi ni yangu," tayari anatafuta kisu.

Nikamwambia aweke kisu chini. Niliwaza hivi: Baba anajua mimi siwezi kumla. Na Zablon, Baba hajawahi hata kumwita kwa jina. Basi huyu ni kitoweo cha Baba mwenyewe. Amekitanguliza, naye yuko njiani.

Mnaocheka, chekeni. Ukiwa na hamu ya mzazi unaweza kusoma habari kwenye chochote.

Halafu kuna mila nyingine. Kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa kuku angali hai, ndipo achinjwe. Akishatengewa huyo kuku, basi ni wake. Akija mgeni mwingine, atafutiwe kuku mwingine. Nikamwambia Zablon, huyu ameshatengwa. Akanitazama, akakirudisha kisu. Nilimpenda sana siku hiyo.

Tukamweka kwenye karai.

Kosa la kwanza: nilimpa ugali. Naam, ugali na sukuma wiki. Kwetu samaki tulijua kuvua, kukausha na kupika. Kulisha samaki ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kunionyesha, kwa hiyo nilimlisha kama mgeni yeyote. Aliuchukua ugali mdomoni, akautafuna kidogo, akautema. Akauvuta tena, akautema tena. Maji yakachacha mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna kitu kimekufa.

Kosa la pili: karai halikuwa na kifuniko. Asubuhi moja nikasikia mama wa chumba cha pili anaita majina ya watakatifu wote. Kamongo alikuwa amepita chini ya pazia la mlango na sasa yuko chini ya kitanda chake, kati ya viatu vya kanisani. Nilimrudisha kwa taulo.

Hapo ndipo Zablon alipoleta tank.

Pale karakana kwao kulikuwa na aquarium ambayo mteja aliagiza akahama nchi kabla ya kuichukua. Fremu ya chuma, vioo vimeshikwa na puti, kioo kimoja kina ufa. Mwenye kazi akasema aiondoe. Zablon akabadilisha kioo, akaileta kwa mkokoteni kutoka Industrial Area, watu wa Lindi wakamfuata wakidhani ni jeneza la Mzungu.

Ilikula nusu ya chumba. Meza ikahamia nje.

Kosa la tatu ni la Zablon, na hapa anakohoa nisiandike. Mpe fundi wa vioo kazi ya kifuniko, atataka kuonyesha ufundi wake. Alikata kioo kikakaa juu ya tank sawasawa, hata unywele haupiti. Akajaza maji mpaka ukingoni kabisa ili ionekane safi. Akaenda kazini anapiga mluzi.

Nilirudi kutoka kibandani kwangu, nilikuwa nauza mboga, nikakuta samaki anagonga kile kifuniko kwa pua. Anagonga, anashuka, anagonga. Nilikitupa kile kioo pembeni kikavunjika. Akatoa pua, akavuta hewa kwa sauti, kama mtu aliyetoka kisimani.

Nilikaa chini. Maana Baba alinifundisha nikiwa mdogo: mtego wa kamongo usiuzamishe wote, acha kichwa cha mtego nje ya maji, la sivyo utamkuta amekufa maji. Samaki kufa maji. Zablon haamini mpaka leo nikimwambia.

Kwa hiyo ninyi mnaofuga samaki wa kuvuta hewa, acheni nafasi juu. Na kifuniko kiwe cha waya, chenye uzito.

Chakula nilikipata Nairobi Dam. Bwawa lilikuwa chini yetu tu, na siku hizo maji yake yalikuwa maji. Nilishuka na kopo, nikaokota konokono kwenye matete. Siku ya kwanza nilimtupia mmoja. Alimsogelea pole pole, kama mtu anayesoma bei. Halafu akamvuta ndani, na nikasikia gamba linavunjika: krak. Alitafuna kwa raha, akatema vipande vya gamba, akanitazama tena.

Nilifurahi kama nimelisha mtoto aliyekuwa mgonjwa.

Tangu hapo alikula konokono, visamaki vidogo vya bwawani, omena, yaani dagaa wakavu, niliyoiloweka, na maini siku chache za bahati. Nilimlisha kwa mwiko mrefu. Zablon aliona mwiko ni maringo, akampa ini kwa vidole. Ule ukucha wake uliota tena, lakini umepinda mpaka leo.

Aliijua sauti ya viatu vyangu. Nikipita mlangoni anapanda juu. Akipita Zablon, anabaki chini.

Jina lake lilikuwa Mkwe. Zablon ndiye aliyempa, kwa utani, kwa sababu tulikuwa tumemweka kwa niaba ya baba mkwe. Lakini utani ukamgeukia. Mnajua kwetu mwanamume hamzoei mzazi wa mkewe. Haonekani mbele yake bila shati, hapigi kelele akiwa karibu. Basi siku moja Zablon anabadilisha nguo baada ya kazi, akakuta Mkwe amesimama kwenye kioo anamwangalia. Akavuta suruali haraka, akatoka.

Kesho yake alikuja na kitambaa cha maua na kamba. Tukawekea tank pazia. Chumba kimoja, mume, mke, mtoto, na samaki mwenye pazia lake.

Makokha alipenda kulifungua pazia na kusema, "Shikamoo, Mzee." Lakini nyumbani hakusimulia kitu. Si mtu wa ugomvi, na kutaja jina langu mbele ya Baba ulikuwa ugomvi. Nami sikumtuma kusema chochote. Niliona Baba anajua samaki wake yuko wapi.

Ikaja Krismasi moja iliyonitoa jasho. Wazee wa Maragoli, baba wadogo wa Zablon, walitutembelea. Wakapewa chai, wakakaa, na mkubwa wao akafungua lile pazia kwa fimbo.

Mkwe alikuwa ameshakuwa mkubwa. Yule mzee akamtazama, akageuka kwa Zablon akiwa ametabasamu kwa tabasamu la mtu aliyeona ameandaliwa kitu kikubwa.

"Mmetuwekea sisi?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimeshika birika, na nilijua siwezi kusema neno. Wale ni wazee wa mume wangu. Zablon akikataa, ameaibisha ukoo wake mbele ya mke. Akikubali, Baba yangu hana tena kilichotangulia.

Zablon aliinama akasema kwa upole, "Mzee, huyu ametengewa baba mkwe. Bado hajafika."

Mzee akalirudisha pazia mwenyewe kwa ile fimbo, akasema, "Basi tusimwangalie sana. Leta kuku."

Wakala kuku, wakaondoka wameshiba. Mimi nilikwenda nyuma ya ploti nikalia kidogo, kwa furaha na kwa kitu kingine pia. Maana nilikuwa nimeanza kujiuliza kama Baba yuko njiani kweli.

Baadaye Zablon alihamia karakana ya Kawangware, nasi tukahamia Kongo, mtaa wa huko huko Kawangware. Makokha akabaki Lindi. Mkwe alisafiri ndani ya debe, tank juu ya mkokoteni, mimi nyuma nimeshika pazia.

Landlord wetu mpya alikuwa Mzee Karanja, mwenyeji wa pale, mtu wa kanisa, mpole. Lakini siku hizo wazee wengi wa kwao hawakula samaki hata kwa dawa. Alipochungulia akaona kile kitu kinajikunja nyuma ya kioo, alirudi nyuma mpaka uani.

"Mama Rose," akasema, "mimi sikatai watu wa samaki. Lakini hiyo ni nyoka imewekwa kwa maji."

"Ni ya baba yangu, Mzee. Anakuja kuichukua."

"Anakuja lini?"

"Sijui."

Aliniangalia usoni, sijui aliona nini. Alikuwa na mabinti walioolewa mbali.

"Haya. Ikae mpaka mzee afike. Akifika, iende na yeye."

Kuanzia hapo kila alipopita kwetu swali lilikuwa moja: "Baba amefika?" Nami najibu bado. Akaanza kuja na kopo la nyungunyungu, wale minyoo wa udongo, kutoka shamba lake la nduma kando ya mto. Anasimama mlangoni, hakanyagi ndani, ananipa kopo na kusema nimpatie hiyo nyoka. Halafu anakaa kusikiliza kama imekula.

Sasa wakuu, sogeeni.

Kifua cha Baba kilianza kumsumbua, na wakubwa nyumbani wakaamua aje Nairobi kutazamwa. Akafikia kwa Makokha, maana kwetu mzazi hawezi kulala kwa binti yake aliyeolewa. Makokha alikuja mbio Kongo kuniambia: kesho mchana anakuja kukuona.

Nilifagia mpaka uani kwa majirani. Nilibadilisha maji ya tank, nikatia yale niliyokuwa nimeyaacha kwenye debe tangu jana yake ili dawa ya mfereji ipungue. Nilinoa kisu mwenyewe. Nilikuwa nakinoa huku namwomba Mkwe msamaha, sioni haya kusema.

Baba aliingia amevaa koti lake la kanisani, na kofia. Alikuwa amekonda. Rose akaenda moja kwa moja akamkalia magotini, hakuna aliyemtuma. Zablon alisimama nusu mlangoni, nusu nje, kama mkwe mwenye adabu. Makokha akakaa kwenye ndoo.

Nikafungua pazia.

"Baba," nikasema, "huyu ndiye uliyetuma. Tulimweka. Amekungoja."

Baba alitazama. Akainuka, akasogea, akaweka mkono kwenye kioo. Mkwe akaja akasimama mbele ya ule mkono.

"Huyu ni yule yule?"

"Ni yule yule."

Akamgeukia Makokha. "Mimi nilikuambia umpe nani?"

Makokha akatazama mabati. "Ulisema nimpe mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni nani?"

Zablon alikuwa amebaki nusu nje.

Baba akakaa tena, akashusha pumzi iliyokuwa inapiga filimbi kifuani. "Nilimtumia mkwe wangu kitoweo," akasema. "Nilitaka ajue yameisha. Nikakaa nikingoja asante. Haikuja. Nikasema, basi, wamekataa mkono wangu."

Wakuu, miaka yote hiyo mimi namngoja yeye, na yeye anatungoja sisi, na katikati kuna samaki anakula konokono.

Mkwe akapanda juu, akavuta hewa, akashuka. Baba akamsikiliza.

"Anakula nini?" akauliza.

Nikamwambia. Konokono wa bwawani, omena, nyungunyungu wa landlord.

"Nani anamlisha?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku, Baba. Nilidhani ni wako. Nilidhani unakuja."

Akavua kofia. Akaiweka juu ya goti la Rose.

"Kumbe kusubiri unajua," akasema.

Sikuweza kujizuia. Nililia mbele ya mume, kaka, mtoto na samaki. Baba aliniacha nilie, ndivyo alivyokuwa.

Zablon ndiye aliyekumbuka mila. Akauliza kutoka mlangoni, macho chini, "Baba, sasa umeonyeshwa. Tuchinje?"

"Ukichinja, nikirudi nitakuja kuangalia nini?" Baba akasema. "Na wewe ingia ndani. Hii nyumba si yako?"

Tulikula kuku. Baba alimlisha Mkwe konokono mmoja kwa mkono wake, bila mwiko, na vidole vyake vyote vilibaki. Zablon alitazama ukucha wake.

Mzee Karanja alipopita akauliza swali lake. Nikajibu, amefika. Akakunja uso kidogo.

"Kwa hivyo nyoka inaenda?"

"Hapana, Mzee. Baba amesema atarudi."

"Basi ikae," akasema, na nyungunyungu waliendelea kuja.

Baba alirudi kweli, kila alipokuja kwa ajili ya kifua chake. Anakaa mbele ya kile kioo na Rose, wanasikiliza magamba yakivunjika, hawasemi sana. Safari moja akaja na gunia. Akasema amechoka na barabara, hatakuja tena, na huyu mwenzake naye arudi kwenye maji yake.

Nilililowesha lile gunia mwenyewe, nikatia nyasi. Nilipomkabidhi, mkono wangu haukutaka kuachia.

"Sasa ni zamu yako kuja kumtazama," Baba akaniambia.

Nikaenda. Nilienda kila nilipopata nafasi, mpaka Baba alipotutoka. Tulikuwa tunakaa ukingoni pale alipomwachia, yeye na mimi, tukingoja pua itokeze. Mara nyingine ilitokeza. Kama ni yeye au mwingine, hatukuwahi kubishana.

Nilichojifunza? Cha tank nimewaambia: nafasi ya hewa, kifuniko cha waya, maji yaliyolala, mwiko mrefu, na ugali kula wewe. Cha pili ni kwamba mtu wa kwenu akikutumia kitu, muulize amekituma kwa nani na kwa nini, hata kama hamsemezani. Mimi kidogo nikose wakati na Baba kwa sababu ya kaka yangu kutaka chai.

Zablon amemaliza kusoma. Anasema nimesahau kuandika kwamba kile kifuniko kilikuwa kizuri. Haya, kilikuwa kizuri.

Mwenye kamongo, au aliyewahi kufuga kitu ambacho nyumba nzima ilikuwa inataka kukila, aandike hapa chini. Niko macho, na chai bado ni moto.